Sindano ya mikunjo imekataa kushika: kagua haya kabla ya kudungwa tena

"Dada, ile sindano imekataa. Nirudi anidunge nyingine?"

Ujumbe wa namna hii huingia kwa wingi msimu wa harusi na Idi ikikaribia, na mara nyingi anayeuliza yuko siku ya nne au ya tano tangu adungwe. Sindano za kulegeza mikunjo hazipatikani tena kwenye kliniki za ngozi za Nyali na Kizingo, Mombasa, pekee. Ziko saluni, ziko kwa mtu ghorofani, ziko sebuleni ambapo mashoga sita, wanawake marafiki, wamechanga kichupa kimoja. Malalamiko nayo yamezidi, na karibu yote ni yale yale.

Dawa yenyewe ni sumu ya bakteria Clostridium botulinum, imesafishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno. Kazi yake ni kuizuia neva isipeleke amri kwa msuli. Msuli ukilala, ngozi iliyo juu yake haikunjwi. Botox, moja ya chapa zake, iliruhusiwa Marekani kwa ndita za kati ya nyusi mwaka 2002, na ndugu zake wanaojulikana sana ni Dysport na Xeomin. Kwa hiyo sindano "ikikataa", ni mawili: dawa haikuufikia msuli ikiwa hai na ya kutosha, au imefika vizuri lakini mstari unaoulalamikia hauletwi na msuli. Kuongeza sindano kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo ndiko kunakowatia watu hasarani, na wakati mwingine hospitalini.

Ukiwa na dalili hizi, acha kusoma uondoke

Kumeza kumekuwa kugumu. Sauti imekwaruza au ulimi umekuwa mzito. Pumzi haitoshi. Unaona vitu viwili viwili, shingo haibebi kichwa, au mikono na miguu inalegea. Hapo sumu imekwenda mbali na pale ilipodungwa. Dalili hizi huweza kuanza saa chache baada ya sindano, na huweza kuchelewa hata wiki kadhaa, kwa hiyo usijiambie kwamba siku zimepita na haiwezi kuwa hiyo. Nenda kitengo cha dharura, Coast General au hospitali kubwa yoyote iliyo karibu yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na useme wazi mapokezi: nimedungwa botoksi, tarehe fulani. Aibu isikufunge mdomo. Ipo dawa ya kuikamata sumu ikiwa bado inazunguka mwilini, ila haiamshi neva iliyokwisha kushikwa, na ndiyo maana saa zina thamani. Aliye Likoni asianze kuhesabu foleni ya feri. Aingie kituo cha upande wake wa maji wampangie ambulensi. Mwaka 2024 Marekani watu walilazwa hospitalini kwa dalili hizi baada ya kudungwa dawa feki au isiyojulikana ilikotoka, kwa hiyo si jambo la vitabuni tu.

Uvimbe wa midomo au koo, vipele vya kuwasha mwili mzima na kifua kukoroma ni mzio mkali: hospitali, sasa hivi. Mdomo ukipinda ghafla upande mmoja huku mkono unalegea na maneno hayatoki sawa, usiisingizie sindano. Hicho huenda ni kiharusi.

Na kama huna hakika ulidungwa nini, ongeza hili. Saluni nyingine huita kila sindano "botoksi", kumbe wamekudunga fila, ile jeli ya kujaza. Fila ikiziba mshipa wa damu, pale pana maumivu makali, ngozi hupauka au kutoka madoa kama wavu ya zambarau, na jicho huweza kupoteza nuru. Kwenye ngozi nyeusi kupauka hakuonekani upesi, basi yaamini maumivu kuliko kioo. Hiyo ni dharura ya dakika.

Siku ya tano, na uso ni ule ule

Sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu ni muda. Dawa huanza kuonekana kati ya siku ya 2 na ya 4 kwa wengi, na nguvu yake kamili huja hadi siku ya 14. Kabla ya hapo hakuna cha kurekebisha. Aliyedungwa Jumatano kwa ajili ya harusi ya Jumamosi hakuibiwa, alichelewa.

Fanya hivi badala ya kujikodolea macho kila saa. Simama karibu na dirisha, mwanga ule ule kila mara, upige picha mbili: moja uso umetulia, nyingine umekunja ndita kwa nguvu zako zote. Rudia siku ya 7 na ya 14. Kumbukumbu ya kioo ni mbovu sana, na nimeona watu wakiapa hakuna kilichobadilika mpaka waone picha ya kwanza.

Aliyedungwa taya ili uso upungue upana angoje zaidi, kwa kuwa pale haitoshi msuli ulale. Lazima usinyae, na hilo huchukua wiki kadhaa. Na kama kila jioni unatafuna miraa au muguka, msuli ule ule unaolipia ulazwe ndio unaoufanyisha mazoezi.

Sababu ya nne ni dawa kusukumwa kabla haijatulia. Hapa Mombasa ina sura yake. Bi harusi anadungwa mchana, jioni somo wake anamkalisha kumpaka singo, anakandwa uso kwa viganja viwili, kisha anafukizwa udi uso ukiwa umeinamia chetezo. Maelekezo ya kawaida ni kutokanda wala kusugua mahali palipodungwa kwa siku nzima, na kuepuka joto kali siku hiyo. Singo iwe kabla ya sindano, au isubiri. Legeza pia mkanda wa nikabu unaobana paji, na helmeti ya bodaboda vivyo hivyo.

Swali la kusujudu huulizwa kila mara, na mara nyingi kwa kunong'ona. Tahadhari iliyopo ni ya kukanda na kusugua. Paji kugusa mswala kwa upole si kukanda. Bado wapo madaktari wanaotaka mtu asiiname wala kulala kwa saa chache za kwanza. Kama wako ni wa namna hiyo, chukua miadi mara tu baada ya adhuhuri, upate nafasi mpaka alasiri. Kuhusu kufaa kwa sindano yenyewe kidini, muulize sheikh wako. Mimi hapo sina kauli.

Wiki mbili zimepita, na paji bado linakunjika lote

Hapa malalamiko yana haki. Anza na lililo la kawaida zaidi.

Kipimo kilikuwa kidogo. Uliza namba. Kwa ndita za kati ya nyusi, maelekezo ya Botox ni yuniti 20 (yuniti ni kipimo cha nguvu ya dawa), zikigawanywa sehemu 5, yuniti 4 kila sehemu. Mistari ya pembe za macho ni yuniti 24 kwa pande zote mbili. Daktari anaweza kupunguza au kuongeza kwa sababu zake, na wanaume mara nyingi huhitaji zaidi kwa kuwa misuli yao ni minene. Lakini akikujibu "nilikupa sindano tatu", hajakujibu. Sindano tatu za nini, zenye yuniti ngapi?

Angalia pia chapa. Yuniti za Dysport si yuniti za Botox: pale pale kati ya nyusi, Dysport ni 50. Kwa hiyo aliyeambiwa amepewa "30, nyingi kuliko za mwenzio" huenda alipata pungufu, kama kilichokuwa mezani ni Dysport. Anayekudunga asipoweza kutaja chapa, mazungumzo yameisha.

Maji yalizidi. Botox huja kama ukungu mkavu chini ya kichupa, mwembamba kiasi kwamba mtu asiyezoea hudhani kichupa ni kitupu. Huchanganywa na maji ya chumvi safi ya hospitali. Kichupa cha yuniti 100 kikitiwa mililita 2.5, kila sehemu ya kumi ya mililita hubeba yuniti 4. Kikitiwa mililita 5, tone lile lile lina yuniti 2. Sindano unaihisi, alama unaiona, pesa umetoa, na msuli umepata nusu. Kutia maji mengi si dhambi kama hesabu inafuatwa, ila pale mashoga sita wanapochanga kichupa kimoja, hesabu ndiyo ya kwanza kukimbia.

Dawa ilikufa njiani. Kichupa cha Botox ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kikishachanganywa, lebo inataka kitumike ndani ya saa 24, nacho kikae baridini muda huo. Sasa fikiria Februari, kaskazi imesimama, stima imekatika tangu asubuhi, na friji ya saluni ni ile ile yenye soda za wateja. Au kifurushi kilichopanda basi la usiku kutoka Nairobi bila barafu. Xeomin ambayo haijafunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba hadi nyuzi 25, lakini chumba cha Mombasa bila kiyoyozi hakikai nyuzi 25. Uliza bila woga: friji hii ina jenereta? Kichupa hiki kilichanganywa lini? Kliniki nzuri haikasiriki. Inakuonyesha kipimajoto.

Kitu kimoja unaweza kukitazama kwa macho yako. Botox hufungwa bila hewa ndani, kwa hiyo bomba lenye maji ya chumvi likichomekwa kwenye kizibo, kichupa hunyonya maji chenyewe, bila kidole kusukuma. Kisiponyonya, mtengenezaji anasema kitupwe. Omba kichupa kifunguliwe mbele yako, ukae uangalie maji yanavyoingia.

Dawa haikuwa dawa. Feki ipo. Dalili zake si lazima ziwe dhahiri: boksi lenye herufi zilizokosewa, namba ya toleo ya boksi isiyolingana na ya kichupa, tarehe iliyofutika, bei ambayo hata muuzaji wa jumla hawezi kuipata. Feki isiyo na kitu ndani ndiyo bahati yako. Ile yenye sumu nyingi kuliko inavyotakiwa ndiyo inayoweza kukufikisha hospitalini.

Mwisho, dawa ilikuwa nzuri na ya kutosha ila ikaingia pasipo msuli, juu juu au pembeni. Hilo ni la mkono wa aliyedunga, na huwezi kulithibitisha ukiwa nyumbani.

Kurekebisha: rudi kwa aliyekudunga kati ya siku ya 14 na mwisho wa wiki ya nne, ukiwa na picha zako. Mwambie akuandikie chapa, namba ya toleo, yuniti na tarehe. Maelekezo ya Botox yanataka matibabu yasikaribiane chini ya miezi 3. Hata hivyo, madaktari wengi huongeza kidogo kwenye wiki ya pili pale wanapojua kipimo kilipungua, na wao wana rekodi ya kuanzia. Usiende kwa mtu wa pili akadunge juu ya kitu asichokijua. Kama karatasi haipo na majibu hayapo, ngoja miezi mitatu iishe, kisha anza upya kwa daktari ambaye jina lake linaonekana kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, ambayo unaweza kuitafuta mtandaoni kwa simu yako. Ukishuku feki, ripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, na usikubali boksi litupwe.

Msuli umelala, lakini mistari ipo

Kunja ndita. Haikunjiki? Basi dawa imefanya kazi yake yote, hata kama hujaridhika. Kilichobaki ni mistari iliyokwisha kuchorwa kwenye ngozi yenyewe, ile inayoonekana hata ukiwa usingizini. Hakuna kipimo cha sindano kitakachoifuta, na kuongeza yuniti hapa ni kununua nyusi zilizoanguka.

Jipime kwa kidole cha shahada na gumba: vuta ngozi taratibu upande na upande wa mstari. Mstari ukipotea, ni mwepesi, na msuli ukilazwa kwa miezi mfululizo unaweza kufifia zaidi. Ukibaki kama ufa, umeshaingia ndani.

Chanzo kikubwa ni jua. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mwanga wa baharini hukupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili na hukunjamana polepole, ila kinga hiyo si ukuta. Cha pili, ambacho wengi hawakitaji mpaka waulizwe mara mbili, ni mkorogo. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hula unene wa ngozi. Ngozi iliyokonda hushika kila mkunjo, na hakuna sindano ya msuli inayorudisha unene.

Tiba hapa ni nyingine: krimu ya kuzuia jua kila asubuhi, krimu za retinoidi (za jamii ya vitamini A) kwa ushauri wa daktari na kamwe si wakati wa ujauzito, pengine fila kwa mstari mzito, pengine matibabu ya ngozi yenyewe. Mkorogo wa steroidi usiuache ghafla peke yako. Mwone daktari wa ngozi, kwa sababu ngozi huweza kulipuka.

Upande mmoja umeshika, mwingine umekataa

Kwanza tazama picha za zamani. Sote tuna unyusi mmoja ulio juu kuliko mwingine. Uso uliotulia hufichua tu. Kama tofauti ni mpya na siku 14 zimepita, upande mmoja ulipata pungufu, na nyongeza ndogo hutosha. Nyusi zikipanda nje kama za mwovu wa sinema, katikati ya paji pamelala na pembeni pameachwa macho. Yuniti chache tu pembeni hulimaliza, mkononi mwa anayejua.

Jicho zito, kope imeshuka

Hii watu huiita "imekataa", kumbe imekubali mahali pasipotakiwa. Tofautisha mawili. Kama ni unyusi ulioshuka na kulikandamiza jicho, paji lilipewa nyingi. Huwapata zaidi waliozidi umri, ambao walikuwa wakitumia msuli wa paji kuyainua macho bila kujua. Kama ni kope ya juu yenyewe imefunika mboni, dawa imepenya hadi msuli unaoinua kope.

Yote mawili huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki kadhaa. Usikande, usiweke kitambaa cha moto. Kwa kope, daktari anaweza kukuandikia matone ya macho yanayoiinua kidogo wakati unangoja. Usiendeshe gari kama huoni vizuri. Na kope kushuka kukiandamana na kumeza kwa shida au kuona viwili, rudi kwenye zile dalili za juu.

Kuna jambo linalopaswa kusemwa kabla ya sindano na husahauliwa: ugonjwa wa udhaifu wa misuli kama mayasthenia, ujauzito, kunyonyesha, na dawa unazotumia, hasa sindano za antibayotiki kama jentamaisini, ambazo huongeza nguvu ya sumu hii.

Ilishika vizuri, ikaisha mapema

Muda wa kawaida ni miezi 3 hadi 4, nao hauishi siku moja. Msuli huanza kuamka kidogo kidogo kabla ya hapo. Ikiisha wiki ya sita au ya saba, shuku kipimo kidogo, kisha dawa iliyopoa nguvu. Dawa hii haidumu mwaka, na anayekuuzia ya mwaka anakuuzia maneno.

Miaka ilikuwa ikishika, sasa haishiki kabisa

Huyu ndiye wa nadra, na ndiye ninayemhurumia. Mwili huweza kutengeneza kinga dhidi ya sumu yenyewe, ikawa inaikamata kabla haijafika kwenye neva. Kwa vipimo vidogo vya urembo haitokei mara nyingi. Botox ya kabla ya 1997 ilikuwa na protini nyingi zaidi, na tatizo lilipungua ilipobadilishwa. Kinachochochea ni vipimo vikubwa na sindano zinazofuatana karibu karibu, yaani ile tabia ya kuongeza kila wiki ya tatu kwa sababu "bado haijakaa". Hasara yake si ya uso tu. Dawa hii hii hutumika kwa kipandauso sugu, kwa misuli iliyokakamaa baada ya kiharusi, na kwa jasho la makwapa lisilozuilika. Aliyejijengea kinga kwa ajili ya ndita anaweza kuikosa siku anayoihitaji kweli.

Kabla ya kusema ni kinga, daktari huondoa yale mengine yote: chapa imebadilishwa kimyakimya, aliyedunga ni mwingine, kipimo kimepunguzwa bei ilipopanda, friji imeharibika. Yakiisha hayo, hupimwa kwa njia rahisi. Kichupa kipya kinafunguliwa, kipimo kinachojulikana kinadungwa upande mmoja wa paji peke yake, kisha mnangoja siku 14 na kupiga picha ukiinua nyusi. Upande mmoja ukilala, dawa inakufanyia kazi, na kasoro ilikuwa kwenye vile vichupa vya awali. Pande zote mbili zikipanda sawasawa, usinunue yuniti zaidi za chapa ile. Muulize daktari kuhusu Xeomin, ambayo haina zile protini za ziada, au kupumzika kwa muda mrefu, na umwambie pia daktari yeyote atakayekutibu kipandauso au misuli siku za mbele.